Jina Lililozama Jiweni

Binti yangu aliishi siku ishirini na sita duniani bila jina, na kosa halikuwa lake.

Leo ana miaka kumi na sita, anavaa viatu vyangu bila kuomba, na akiulizwa jina lake hulitaja polepole, kama mtu anayemshusha mgeni ngazi gizani. Lakini wakati ule alikuwa furushi la blanketi la manjano kwenye kitanda cha dada yangu, na sote tulimwita Mgeni. Mgeni kalala. Mgeni kaamka. Mgeni kachafua shuka. Fomu ya kuandikisha uzazi ilikuwa mezani, nimeshaijaza kwa wino mweusi: tarehe, saa, uzito, jina la baba, jina la mama. Mstari mmoja ulikuwa mtupu, na kwa sababu ya mstari huo nilikuwa nimehama kwangu.

Dada yangu ni mshonaji. Nyumba yake ina chumba kimoja kikubwa ambamo cherehani, kitanda na meza hugombea dirisha moja. Jumamosi moja, saa tisa alasiri, alikuwa anashona sare za shule huku akichungulia barabarani, kazi mbili ambazo anazimudu kwa pamoja. Akasimamisha cherehani.

"Shemeji anakuja," akasema. "Kabeba gunia."

"Gunia la nini?"

"Sijui. Dogo, lakini kila hatua kumi analibadilisha bega."

Sikuinuka. Nilijua. Nyumbani kwetu kulikuwa na kitu kimoja tu kidogo kiasi hicho na kizito kiasi hicho, na kilikuwa changu.

Mume wangu nilimpata kwa kumgombeza. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya utunzaji kumbukumbu, nafanya mazoezi ya kazi katika maktaba ya chuo, na mkutubi alinituma karakana ya mawe nikakague kibao cha marumaru kilichotakiwa kubandikwa mlangoni. Nikaenda na futi yangu. Nikamkuta kijana mrefu, nyusi zimejaa unga mweupe kama za babu, kapiga magoti mbele ya kibao. Nikapima. Nikamwambia mstari wa pili umeshuka upande wa kulia. Akasema mstari haujashuka, ni mimi niliyesimama upande. Nikampa futi. Akapima, akapima tena.

"Karani," akasema, "una mdomo, lakini una jicho."

Tangu siku hiyo hajawahi kuniita jina langu. Mimi ni Karani, yeye ni Fundi, na hata tukigombana tunagombana kwa vyeo.

Kibao alikirudia. Kisha akaanza kuja maktaba kuangalia kama kimekaa vizuri. Alikuja mara kumi na moja. Mkutubi akaniuliza kama kibao kile kina miguu, maana anaona kinalindwa kama mbuzi.

Siku moja mvua ilimzuia asiondoke. Nilikuwa napanga vitabu vya historia, nikamfunulia kimoja kwa kuwa kilikuwa na mambo ya mawe. Ilikuwa picha ya ukuta wa hekalu la Misri ya kale. Katikati ya ukuta alisimama mtu ambaye hayupo: mwili wake wote ulichimbwa kwa tindo, pakabaki pengo lenye mabega, kiuno na miguu. Nikamsomea maelezo. Alikuwa mwanamke, Hatshepsut, aliyetawala kama farao kwa miaka kama ishirini, akachongwa sanamu zenye ndevu za bandia kwa kuwa kiti kile kilizoea ndevu. Alituma merikebu nchi ya mbali zikarudi na manukato na miti mizima yenye mizizi. Alipokwisha kufa, jina lake likaamriwa lifutwe kwenye mawe.

Fundi akaisogeza picha karibu na pua.

"Aliyefanya kazi hii alikuwa mtu kama mimi," akasema. "Kaamriwa. Lakini tazama ukingoni. Kachimba alipoambiwa achimbe, mpaka wa mwili kauacha. Mpaka leo unamwona."

"Labda alikuwa mvivu."

"Labda. Basi ukitaka jina lisomeke milele, mpe fundi mvivu alifute."

Nikacheka, nikaziba uso kwa kitabu maana ni maktaba. Nilipokishusha, alikuwa haangalii picha tena. Nina umri wa kutosha sasa kulisema bila aibu: hakuna mtu mwingine aliyewahi kunitazama vile.

"Tukipata binti," akasema, "tutamwita hivyo."

Tulikuwa hatujashikana hata mikono. Nikamwambia anaanza kujenga nyumba kwa paa. Lakini usiku sikulala, nikawa nalitamka jina lile kimoyomoyo, na kila nikilitamka naona nyusi zile nyeupe.

Wiki mbili baadaye akaniletea jiwe. Wenzangu wa darasani walivishwa pete. Mimi nilipewa kipande cha marumaru kilichobaki kwenye kazi ya mtu, kilo sita, kimeandikwa HATSHEPSUT kwa herufi ambazo ungeweza kuficha sarafu ndani yake. Kwenye kibao kidogo kama kile herufi huzama kidogo tu, unene wa kucha. Zake zilizama mpaka nusu ya jiwe. Fundi anayejua kazi hafanyi hivyo, kwa sababu jiwe linadhoofika. Hufanya hivyo fundi anayetaka kumwonyesha msichana nguvu za mkono wake. Mwenye karakana alimkuta akilichonga, akamuuliza, "Wewe, unaandika jina au unachimba kisima?"

Jiwe hilo ndilo lililokaa mlangoni kwetu miaka sita ya ndoa, likizuia mlango usijibamize kwa upepo. Nililifagia kila asubuhi. Vumbi lilipenda kulala ndani ya zile herufi, hasa ile P, na nilikuwa nalitoa kwa njiti ya kiberiti.

Sasa nimseme mama mkwe, na nianze kwa kusema si mtu mbaya. Alipika shuleni miaka thelathini, kwa hiyo anaongea kama mtu anayewaambia watoto mia nne wakae chini. Siku ya tatu baada ya mimi kujifungua alikuja, akanawa mikono, akamchukua mtoto, akamnusa shingoni, akamwita kwa jina. Hakuuliza. Alimwita tu, kama jina lilikuwa limeshaandikwa kwenye paji lake la uso. Lilikuwa jina la wifi yangu ambaye sikumjua, dada yake Fundi, aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa.

Nikamtazama Fundi. Fundi akatazama birika.

Hapo ndipo yaliponifikia. Siku ya mazishi ya dada yake, Fundi, wakati huo kijana wa miaka kumi na saba, alimwahidi mama yake kwamba binti yake wa kwanza atalirudisha jina lile nyumbani. Miaka saba baadaye akaniahidi mimi maktabani. Aliwaahidi wanawake wawili kitu kimoja, kisha miezi tisa yote akawa anaomba apate mvulana.

Nilimweleza mama mkwe, kwa adabu, kwamba sisi tulikuwa na jina. Nikalitaja.

"Hilo ni jina au ni chafya?" akauliza.

"Ni la malkia, mama. Wa zamani."

"Yuko wapi sasa?"

"Alikufa. Miaka elfu tatu na zaidi."

"Basi wako naye ni marehemu, tena wa siku nyingi kuliko wangu. Tofauti ni nini?"

"Wangu hana mama wa kumlilia," nikasema.

Lilitoka kabla sijalipima. Ndiyo kasoro yangu. Maneno yangu hufika kabla yangu. Mama mkwe alimlaza mtoto kitandani taratibu, akamfunika miguu, akaelekea mlangoni. Pale akasimama mbele ya lile jiwe. Akamwambia mwanawe, bila kunitazama, kwamba siku atakayorudi asilikute na maandishi hayo. Mashine anayo, tindo anazo. Afute.

Nilingoja Fundi aseme neno. Moja tu, hata la kijinga.

"Sawa, mama," akasema.

Kesho yake asubuhi nikafunga nepi na fomu, nikaenda kwa dada. Jiwe nililiacha. Mtoto mkono huu na kilo sita mkono huu, haviendi.

Sasa Fundi alikuwa mlangoni kwa dada, jasho limemchora shingoni. Wiki tatu zilikuwa zimemla mashavu. Dada akamkaribisha, akamwomba mzigo auweke polepole asije akamvunjia sakafu, kisha akakumbuka ghafla kwamba ameishiwa uzi. Nyuma yake palikuwa na rafu nzima ya nyuzi. Akatoka.

Fundi alimtazama mtoto kwanza. Kisha mimi. Kisha mtoto.

"Amekua," akasema.

"Watoto hukua."

Akachuchumaa, akakunjua gunia. Nilikuwa nimejiandaa kuona jiwe tupu; nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Lakini sikulikuta tupu. Mng'ao wote ulikuwa umekwenda, uso umekwaruzwa, umefifia kama kioo kilichopumuliwa, na jiwe lenyewe lilikuwa limepungua unene. Herufi zote kumi zilikuwepo. Alizikata kama kabari, pana juu na nyembamba chini, kwa hiyo kadiri alivyosaga ndivyo zilivyokonda. Zimekonda kama yeye.

"Nilisaga siku mbili," akasema. "Mwenye karakana akaniambia nikiendelea litapasuka. Nilizizamisha mno wakati ule."

"Kwa hiyo umeshindwa."

"Nimeshindwa."

"Kushindwa si kukataa, Fundi. Jiwe ndilo lililokataa. Wewe ulisema sawa mama."

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake mikubwa ikining'inia magotini kama vyombo vilivyomaliza kazi.

"Siku ya tatu nilisimama na mashine mkononi," akasema, "nikaikumbuka ile picha. Yule fundi aliyeamriwa. Nikawaza, jioni aliporudi nyumbani, mkewe alimuuliza leo umechonga nini? Akamjibu nini?" Akapangusa uso kwa kiganja. "Nikazima. Ningeweza kulipasua, Karani, ningekwambia limeanguka. Sikutaka."

"Na siku ile mbona ulikubali?"

"Mama akilitaja jina la dada, mimi narudi kuwa wa miaka kumi na saba. Umri ule siwezi kumkatalia kitu. Ningemwambia nini? Hana mwingine wa kumrudishia jina hilo."

Nilitaka kubaki na hasira. Nilikuwa nimeitunza vizuri, wiki tatu nzima. Lakini kuna namna mtu anakaa sakafuni mbele yako, unaona kijana aliyekuja kukagua kibao mara kumi na moja, na hasira inatafuta pa kushika inapakosa. Nikashuka kitandani nikakaa kando yake, si karibu sana.

Nikamwambia kilichonihamisha. Halikuwa suala la malkia. Mama angemwita mtoto wetu kila siku, na mtoto angegeuka, lakini aliyeitwa asingekuwa yeye. Watoto hulijua jambo hilo mapema. Angekua akijaribu kufanana na msichana ambaye hakuna aliyemwonyesha.

"Najua," akasema. "Na mama je?"

Hapo utaalamu wangu ukaamka. Nimesomea kutunza kumbukumbu, na swali la kwanza tulilofundishwa ni hili: nakala ya asili iko wapi, na iko katika hali gani? Nikamuuliza nani alichonga jiwe la kaburi la dada yake.

"Mimi. Lilikuwa jiwe langu la kwanza. Sikuweza kulichimba jina lake, herufi nikazigusagusa juu juu tu."

"Linasomeka?"

Akatazama mikono yake.

"Mara ya mwisho kwenda ni lini?"

"Mwaka tuliooana."

"Na mama?"

"Alikuwa anaenda kila mwezi. Mwaka juzi akaacha. Hasemi kwa nini."

Mgeni akajinyoosha ndani ya blanketi, akatoa mkono mmoja, akaufunga ngumi hewani. Sote tukautazama.

"Fundi," nikasema, "jina la dada yako halihitaji mtoto. Linahitaji tindo."

Akageuka. Macho yake yalikuwa yale yale ya siku ya mvua, na mimi safari hii sikuwa na kitabu cha kuzibia uso.

Jumapili saa mbili asubuhi tulikuwa makaburini. Alimleta mama yake bila kumwambia mengi. Mama mkwe aliponiona akaitikia salamu yangu kwa kichwa, akamtazama mtoto, akatazama pembeni. Fundi alikuwa anapita kati ya mawe, anainama, anainuka. Alipita mbele ya jiwe la dada yake mara mbili. Mara ya tatu akapiga magoti, akasugua kuvu kwa kiganja. Mvua za miaka kumi na minne zilikuwa zimelamba kila kitu. Ilibaki herufi ya kwanza, na ya mwisho nusu.

"Ndiyo maana siji," mama mkwe akasema nyuma yetu.

Fundi akabaki amepiga magoti, kiganja juu ya jiwe.

"Mwaka juzi nilikuja nikakaa, nikaongea naye, nikalia nikamaliza. Mara akaja baba mmoja na maua mkononi, akaniuliza, samahani, mama, wewe ni nani kwa mke wangu? Nilikuwa nimelilia kaburi la mtu." Alikuwa ameshika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, anaizungusha kidoleni. "Mimi mwenyewe nimempoteza. Mimi niliyemzaa. Nikasema basi, jina likikaa kwa mtoto halitanipotea tena, nitaliona linatembea."

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikayaacha yapite. Nikamwekea mtoto mikononi.

Fundi akafungua mfuko wa tindo. Hakutumia mashine. Akachora mstari kwa penseli, akaanza na herufi ile iliyobaki, akagonga. Mlio wa nyundo ya mawe si mkali kama watu wanavyodhani. Ni kama mtu anayebisha hodi na ana subira. Mimi nilishika futi. Kila baada ya herufi mbili alirudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Karani, mstari umeshuka?"

"Kulia. Kidogo."

"Ni wewe umesimama upande."

"Pima."

Akapima. Akarekebisha. Hakunitazama, lakini niliona shavu lake likijaa tabasamu chini ya ule unga, na nyusi zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Nilisimama pale na futi yangu, na ni kama miaka saba ilikuwa imekunjwa ikatiwa mfukoni.

Saa nane mchana akapuliza vumbi la mwisho, akasogea. Mama mkwe akanirudishia mtoto. Akainama kwa shida, akatia kidole kwenye herufi ya kwanza. Kikazama hadi mwisho wa kucha. Akaenda ya pili, ya tatu, akazipitia zote moja moja bila haraka, kama alivyokuwa akihesabu sahani shuleni. Alipofika mwisho akalitaja jina la binti yake kwa sauti, mara moja, akiliambia jiwe.

Kisha akajipangusa kidole kwenye nguo, akamgeukia mtoto aliyekuwa kifuani kwangu.

"Na huyu," akasema. "Lake linaanzaje?"

"Hat," nikasema.

"Hat."

"Shep."

"Shep. Halafu?"

"Sut."

Alilikusanya kinywani muda kidogo, kama mpishi anayeonja asichokipika yeye.

"Bado ni chafya," akasema. "Lakini ni chafya ya mtu mkubwa. Andika, mkwe wangu, kabla sijabadili mawazo."

Fomu ilikuwa mkobani; mimi fomu hainiachi. Meza ndiyo haikuwepo, na jiwe lile halikuwa la kuandikia mambo yetu. Fundi akaelewa kabla sijasema. Akanipa mgongo, akainama, mikono magotini. Shati lilikuwa limelowa jasho, nikatanguliza mkoba ndipo nikaweka karatasi juu yake. Mama mkwe akampokea mjukuu. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikikandamiza kalamu, na chini ya mkono wangu nilimsikia akipumua, pumzi ndefu za mtu aliyetua mzigo.

"Karani," akasema huku ameinama, "unaandika jina au unachimba kisima?"

"Tulia," nikamwambia. "Nimefika herufi ya nne."